Usifungue Mpaka Tarehe

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kuketi nasi leo Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya shangazi yangu, dada wa baba yangu, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba karatasi hii siyo ile niliyokabidhiwa kwenye kikao cha familia juzi. Ile ilikuwa na mistari kumi na miwili, na mstari wa mwisho ulisema alifariki Jumatano tarehe 12 akiwa amezungukwa na wapendwa wake, jambo ambalo kila aliyeketi kwenye kikao kile alijua kwamba halikutokea. Nilikataa kuusoma. Baba mkubwa akaniambia, "Wewe binti, historia ya marehemu si mdahalo wa chuo, hapa hakuna upande wa kupinga," nami nikamjibu kwa heshima zote kwamba marehemu mwenyewe alikaa upande wa kupinga miaka thelathini na sita, tukavutana mpaka chai ikapoa, mwisho akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema, "Haya, soma lako. Lakini usipayuke." Baba mkubwa, sitapayuka.

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake aliyekuwa seremala, mtoto wa pili kati ya watatu, wa kwanza akiwa baba mkubwa, wa tatu akiwa baba yangu. Utoto wake nimeusikia kwa vipande, na kipande ambacho baba yangu hupenda kukisimulia ni cha siku walipokuwa wakicheza kujificha, dada yake akamfungia ndani ya sanduku la nguo lililokuwa linasubiri mteja, wakapatana atahesabu mpaka mia, naye akahesabu mpaka mia kwa sauti bila kuruka hata namba moja, huku mdogo wake akipiga mateke na kulia humo ndani, na alipofika mia akafungua, akamtazama kwa mshangao wa kweli, akamuuliza, "Unalia nini sasa, si nilikuambia mia?" Ndugu zangu, kishikeni kisa hicho, tutakirudia.

Alianza shule ya msingi Januari 1968 na kumaliza 1974, akaendelea na sekondari ya wasichana ya bweni hadi 1980, ambako ripoti zake, ninazo, zinasema kwa miaka yote "ana bidii, mkaidi", na mwalimu mmoja wa kemia akaongeza kwa wino mwekundu, "hakubali jibu la kitabu mpaka alione." Mwaka 1982 alijiunga na chuo cha mafundi wa maabara za hospitali, akahitimu tarehe 30 Novemba 1984 akiwa wa pili darasani, na wa kwanza, alipenda kusema, sasa anauza vipuri vya magari.

Tarehe 7 Januari 1985 aliajiriwa katika maabara ya hospitali kubwa ya mjini, chumba cha mwisho kwenye korido ndefu, chenye dirisha moja lililotazama kamba za kuanikia mashuka, na hapo alikaa mpaka anastaafu bila kuhama hata meza. Wengi wenu mnajua alikuwa "mtu wa maabara" na mnaishia hapo, kwa hiyo nivumilieni nieleze, maana kumzika mtu bila kujua kazi yake ni kumzika nusu. Ndani ya miili yetu, kwenye fizi, kwenye utumbo, kwenye njia ya uzazi, wanaishi bakteria ambao hewa tunayovuta sisi kwao ni sumu. Shangazi aliwaita wapangaji, kwa kuwa hukaa kwa amani miaka nenda miaka rudi, ila siku ukuta ukibomoka, jino likioza, utumbo ukitoboka, hujipenyeza mahali pasipofika hewa wakatengeneza jipu lenye usaha wa harufu mbaya. Usaha huo hupelekwa maabara, hupakwa juu ya sahani yenye chakula cha bakteria, sahani huwekwa kwenye kabati la joto, na kesho yake asubuhi mtu hutazama kilichoota, sasa hawa wasiotaka hewa hawaoti, wamekwisha kufa njiani au palepale mezani, na karatasi huandikwa "hakuna kilichoota", na mgonjwa huendelea kuoza ndani kwa ndani huku karatasi ikimtetea adui.

Kwa ajili yao kulikuwa na mtungi mmoja, wa plastiki ngumu inayoonyesha ndani, mkubwa kama sufuria ya lita tatu, wenye mfuniko wa kukazwa kwa skrubu. Unapanga sahani ndani, unatia pakiti ya kemikali inayomaliza oksijeni, unatia kikaratasi cha buluu, unafunga, na kikaratasi kikigeuka cheupe unajua mle ndani oksijeni haipo tena, kisha unasubiri siku mbili kamili bila kuchungulia, kwa sababu ukifungua mapema ili uone kama wameanza kuota, unawaua haohao uliokwenda kuwatazama. Wenzake hawakuupenda ule mtungi, ulikuwa na masharti kama mganga, na maabara yote ilizoea kusoma sahani kila asubuhi saa mbili na kutoa majibu saa nne.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo Shangazi hakuwahi kumwambia mtu, nimelikuta kwenye daftari lake la jalada la kijani, ambalo halikuwa la ofisi, lilikuwa lake. Ijumaa tarehe 12 Septemba 1986, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, alifunga kwenye mtungi usaha wa mama aliyejifungua wiki moja kabla, kitanda namba 7, na Jumamosi asubuhi mkuu wake wa wakati huo akapita akisema, "Majibu ya kitanda saba yako wapi, au na wewe unaatamia mayai?" wenzake wakacheka, yeye akaona haya, akafungua. Hakuona kitu. Akaandika "hakuna kilichoota", akatia saini, kisha moyo ukamsuta, akatia pakiti mpya akafunga tena, lakini karatasi ilikuwa imekwisha kwenda wodini, na daktari alipoisoma akaisimamisha dawa aliyokuwa ameianza kwa kubahatisha. Jumanne tarehe 16 mtungi ulipofunguliwa sahani ilikuwa imejaa vitone vidogo vya kijivu, wale wachache waliosalimika walikuwa wamechelewa kuota, naye akakimbia korido nzima na karatasi mpya mkononi. Kwenye daftari ameandika mistari miwili tu, "Kitanda kimetandikwa shuka safi. Muuguzi kaniuliza, unamtafuta nani?"

Wiki hiyohiyo alikata kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene nyekundu USIFUNGUE, na chini yake, kwa herufi ndogo kidogo, mpaka tarehe, halafu akaacha nafasi ya kuandika tarehe kwa penseli, ili ifutwe na kuandikwa nyingine, akakitundika shingoni mwa mtungi kwa kamba. Kila usaha uliofika ukiwa umepakwa kwenye kijiti cha pamba kilichokauka aliurudisha wodini, akapanda mwenyewe na bomba la sindano, akausubiri uvutwe kutoka ndani ya jipu, akasukuma hewa yote nje, akaziba, akashuka nao mbiombio, na wauguzi wakimsalimia njiani hakujibu, walidhani ana maringo, kumbe alikuwa anahesabu dakika. Na mahali ambapo wenzake waliandika "hakuna kilichoota" yeye aliongeza maneno mawili, "penye hewa", hakuna kilichoota penye hewa, wakuu watatu wakamwandikia barua za kumtaka aache kupamba majibu, naye akazihifadhi barua zote tatu, hakuacha.

Kazini wakambandika jina Usifungue. "Usifungue, umekula?" "Usifungue, hujambo?" naye akijibu bila kuinua jicho kutoka kwenye darubini, "Sijafunguliwa bado." Kijana mmoja akamtania kwamba kweli haraka haraka haina baraka, akamjibu, "Na polepole isiyo na tarehe ni uvivu." Ucheshi wake ndio huo, mkavu, ukichelewa umekupita.

Mwaka 1999 aliletewa usaha wa mpishi wa shule moja, uliovutwa kifuani, mara tatu maabara ilikwisha kujibu kwamba hakuna kitu, na mtu mwenyewe alikuwa amebaki mifupa na kikohozi kinachonuka kiasi kwamba wagonjwa wenzake waliomba ahamishwe. Shangazi akapaka tone la usaha kwenye kioo, akalitia rangi, akatazama kwenye darubini, akaona bakteria wamejazana kama watu wa sokoni, akaandika kwenye daftari, "Darubini imeona, sahani imekana, nani mwongo?" Akafunga mtungi tarehe 11 Agosti, akafungua tarehe 13, wakaota, dawa ikabadilishwa, na yule mpishi leo amekaa pale, kiti cha tatu kutoka mlangoni, kofia mkononi. Kila mwaka tarehe 13 Agosti alipita maabara akasimama dirishani kwenye kamba za mashuka, akasema, "Bado napumua," na Shangazi akajibu, "Basi ondoka, unaniletea hewa." Nimemuuliza jana kama alijua Shangazi anapoishi tangu alipostaafu, akaniambia hakujua, aliambiwa ameacha kazi, akaona haya kuuliza zaidi.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na mpima ardhi, mtu mpole, ambaye kwa maelezo ya wote hakumkosea kwa lolote isipokuwa kuchoka, maana Jumapili wengine walikwenda kanisani, kwa Shangazi kulikuwa na mtungi wa kufunguliwa, na wakwe walipouliza habari za nyumbani mume alisema, "Mke wangu anarudi saa kumi, lakini ni saa kumi ya bakteria." Mwaka 1993 mume akahamishiwa kazi mbali, mke hakumfuata, mume hakurudi, hapakuwa na ugomvi wala kikao, barua zilipungua kama maji ya bomba wakati wa mgawo, mpaka siku moja ukafungua ukakuta hayatoki. Tumempelekea habari za msiba.

Kwenye karatasi ile ya mistari kumi na miwili, mstari wa tisa ulisema "hakujaliwa mtoto." Nauliza kwa heshima, na mimi ni nani? Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa, baba yangu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, na tarehe 9 Januari 2011 nililetwa kwa Shangazi na begi moja na jino linalotikisika. Akanitazama mdomoni kabla hajanitazama usoni. Alinifunga vitambaa vya nywele vibaya, aliunguza maharage kila wiki, hakujua kubembeleza, nikilia alikaa pembeni yangu kimya mpaka niishiwe, halafu akauliza, "Umemaliza, au kuna sehemu ya pili?" Nikimletea habari za shuleni, kwamba fulani kaiba, mwalimu fulani mchawi, alisema neno moja, "Ushahidi?" Mnaonisifu leo kwa kusimama majukwaani na kuwatoa watu jasho, mjue nilifundishwa kwenye meza ya jikoni, na mwanamke aliyekuwa anamenya vitunguu bila kunitazama. Kwa hiyo andikeni kwamba alijaliwa mtoto mmoja.

Alistaafu Ijumaa tarehe 5 Machi 2021, siku moja kabla ya kutimiza miaka sitini, mtungi akaukabidhi kwa mtaalamu kijana wa kike aliyekuwa amemfundisha, na wenzake wakamwandalia keki, soda na zawadi, na zawadi yenyewe ilikuwa kile kipande cha boksi, wamekitia kwenye fremu ya mbao yenye kioo. Walipenda sana wazo lao, na mimi nililipenda, tulicheka. Ila fremu iliyonunuliwa ilikuwa fupi, boksi halikuingia lote, wakachukua mkasi wakakata sehemu ya chini, likabaki neno moja kubwa jekundu. USIFUNGUE. Shangazi akaipokea, akaigeuza, akasema, "Mmekata tarehe," watu wakacheka zaidi, naye akacheka pia, akaenda nayo nyumbani akaitundika nje ya mlango wake.

Mimi nilihamia bweni la chuo Oktoba mwaka huohuo, na asubuhi ya kuondoka nilimuuliza kama hataogopa kukaa peke yake, akaniambia, "Mwanangu, kuna viumbe vinastawi bila hewa," nikamuuliza, "Na wewe?" akainama kukaza zipu ya begi langu ambayo haikuwa imelegea.

Kile nilichokikuta kwenye kurasa za nyuma za daftari la kijani nitakisema polepole. Kwa miaka yote ya kazi, kila ukurasa una safu tatu zilizopigwa kwa rula, Imefungwa, Imefunguliwa, Kilichoonekana. Baada ya Machi 2021 safu zimeendelea vilevile, kwa rula ileile, lakini hazihusu mtungi tena, zinahusu mlango wake. "Imefungwa Ijumaa saa kumi jioni. Imefunguliwa Jumatatu saa nne. Kilichoonekana, mwenye kuleta gesi." "Imefungwa Jumanne saa nane. Imefunguliwa Jumamosi saa tatu. Kilichoonekana, watoto, mpira umeingia uani." Mwaka 2022 kuna mahali mlango umefungwa siku kumi na moja, na aliyeufungua ni msomaji wa mita ya maji. Mimi nimo mara tisa kwa miaka mitatu, "Kilichoonekana, mtoto, likizo, siku nne," "Kilichoonekana, mtoto, saa mbili, ana haraka." Hakulalamika popote, hakuweka hata alama ya mshangao. Aliandika kama mtu wa maabara, kilichofungwa, kilichofunguliwa, kilichoota.

Kuhusu ugonjwa, alikuwa na shinikizo la damu tangu 2017, akinywa vidonge vyake kwa wakati, na tarehe 20 Mei mwaka huu alikwenda kliniki akisema kifua kinabana akipanda ngazi, akapimwa, akaambiwa arudi tarehe 17 Juni, yaani Jumatatu ijayo.

Sasa tarehe ya kifo, ambayo ndiyo tuliyovutania. Jumapili tarehe 9 Juni, saa moja na nusu jioni, Shangazi alinipigia simu. Nilikuwa kwenye mazoezi ya fainali ya midahalo ya vyuo, nikakata, nikamwandikia, "Nitakupigia Shangazi, niko mazoezini," naye dakika mbili baadaye akajibu, "Haya mwanangu. Usifungue mdomo kabla hujafikiri." Nikawaonyesha wenzangu, tukacheka. Jumatatu tukashinda, nikasherehekea. Jumanne mchana nikapiga, haikupokelewa, nikajiambia ndivyo alivyo, amejifungia. Siku zote hizo redio yake ilikuwa inasema. Jirani yake, mama mshonaji, ambaye cherehani yake iko ukuta mmoja na kitanda cha Shangazi, aliisikia Jumatatu kutwa, akaisikia Jumanne kutwa, alikuja hadi mlangoni akiwa na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akainua mkono agonge, akasoma fremu, akarudi. Aliniambia, "Mwanangu, pale pameandikwa, nikaona nitamuudhi, si unamjua alivyo." Namjua alivyo, mama, au nilidhani namjua. Jumatano saa tatu asubuhi alinipigia, saa tano nilikuwa pale na ufunguo wa akiba, na nikafungua.

Kwa hiyo Jumatano tarehe 12 ni siku tuliyofungua sisi, siyo siku aliyokufa yeye, na mtu aliyekaa miaka thelathini na sita akipigania tofauti ya siku hizo mbili hatutamdanganya juu yake akiwa ndani ya jeneza. Hakuzungukwa na wapendwa. Alizungukwa na redio. Wala sisemi haya ili mshonaji abebe lawama, maana yeye alau alifika mlangoni, na mimi nilikuwa na ufunguo mfukoni. Baba mkubwa, ulisema watu hawaji msibani kusikiliza makosa, lakini kosa letu sote lilikuwa la kusoma, tulisoma neno kubwa tukaridhika. Mtungi haufungwi ili ubaki umefungwa. Unafungwa kwa ahadi kwamba kuna siku, imeandikwa, mtu atakuja na kuufungua, na asipokuja, kila kilichoota ndani kinaoza bila kuonwa na yeyote. Baba, ulilia sandukuni kwa sababu ulikuwa gizani, lakini alikuwepo mtu nje anayehesabu. Kwake yeye nani alikuwa anahesabu?

Kwa niaba ya familia namshukuru daktari aliyefika Jumatano, ambaye tulimwomba atuandikie siku moja akakataa kubahatisha, akaandika moyo ulisimama "kati ya tarehe 9 na tarehe 11", maneno ambayo marehemu angeyatilia saini. Namshukuru daktari wa kliniki, na muuguzi aliyempima tarehe 20 Mei na kumsindikiza hadi getini kwa mkono. Nawashukuru majirani mliobeba viti, mliochemsha maji, mliokaa na baba yangu, na kwa namna ya pekee mama mshonaji, aliyeshona usiku na mchana sanda na vitambaa vyetu bila kuombwa. Nawashukuru wafanyakazi wenzake wa maabara, na yule mtaalamu kijana aliyeachiwa mtungi, ambaye jana alikuja na bahasha, ndani yake kukiwa na ukanda mwembamba wa boksi, uliokatwa kwa mkasi miaka mitatu iliyopita na yeye akautunza kwenye droo bila kujua kwa nini, umeandikwa mpaka tarehe, na chini bado zinaonekana alama za penseli zilizofutwa, tarehe juu ya tarehe, mamia. Anasema mtungi unafanya kazi, kuna sahani ndani leo, zitafunguliwa kesho saa nne.

Asubuhi hii nimetoa boksi kwenye fremu na kuugundisha ukanda ule mahali pake. Kwenye daftari, safu ya mwisho aliyoiandika kwa mkono wake inasema, "Imefungwa Jumapili 9 Juni, saa moja na nusu jioni," na mbele yake pako wazi, nami nimejaza kwa mwandiko wangu, "Imefunguliwa Jumatano 12 Juni, saa tano asubuhi. Kilichoonekana, Shangazi, ameketi kitini, viatu miguuni, uso umeelekea mlangoni. Aliyefungua, mtoto wake, amechelewa."

Saa tisa alasiri tutamfunga kwa mara ya mwisho. Boksi nitaliweka juu ya mikono yake, na penseli ninayo, lakini nimekaa nayo tangu alfajiri na sina cha kuandika mbele ya neno mpaka.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Sisi tuko nje, tunahesabu.